Njia ya Mkata na Milima ya Usambara

Msafiri atokaye Chalinze kwenda kaskazini hufika Mkata, katika nchi ya Wazigua, mahali njia ya Handeni inapoachana na barabara kuu. Akifuata barabara kuu hupita Kabuku na Segera, ambako njia ya Tanga huelekea mashariki. Naye huvuka mto Pangani, ambao wenyeji huuita Luvu, akaingia Korogwe. Tangu hapo milima ya Usambara humsindikiza mkono wa kuume mpaka Mombo, na huko njia nyingine hupanda kwa mapindi mengi, ikipita Soni, hata Lushoto.

Wengi husifu uzuri wa njia hii. Sisi twataka kueleza habari zake. Washambaa hugawa nchi sehemu mbili: Shambaai, nchi ya mlimani yenye mvua na migomba, na nyika, nchi ya chini yenye jua na homa. Habari za njia hii ni habari za watu waliopanda na walioshuka kati ya nchi hizo mbili.

Wa kwanza ni Mbega, aliyepanda. Wazee wasimulia kwamba alitoka Ngulu, akapita Kilindi, na kwa hiyo wazao wake waitwa Wakilindi. Alivuka Luvu akiwinda nguruwe waharibuo mashamba, akawagawia watu wa mlimani nyama. Nao wakamfanya mtawala wao huko Vuga. Ndivyo alivyoandika Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa na misheni huko Magila. Mzao wa Mbega, Kimweri ye Nyumbai, ndiye aliyempokea Krapf huko Vuga mwaka 1848, na tena mwaka 1852.

Kimweri alikufa mwaka 1862. Mwanawe Semboja hakutaka kukaa mlimani. Alishuka Mazinde, kando ya njia ya misafara iliyotoka Pangani kwenda Upare na Kilimanjaro. Huko alipata bunduki na baruti. Alimwondoa Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri, akamweka mwanawe mwenyewe Vuga, bali nguvu zikabaki Mazinde. Wabondei wakaasi, vita vikaenea, na mateka wengi wakauzwa utumwani. Kumbe njia ile ile iliyomleta mgeni mwenye nyama ilikuwa sasa njia ya minyororo.

Kisha walikuja Wajerumani. Reli yao kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Lushoto waliiita Wilhelmstal, wakaifanya makao ya serikali ya wilaya. Vuga, mji wa wafalme, ukabaki mbali na reli. Masoko na maduka yakakua bondeni.

Twaona basi kwamba njia si udongo na mawe tu. Mbega alikuja na zawadi, akapewa nchi. Semboja alitafuta faida ya njia, akaivunja nchi ya baba yake. Walimu wetu walio Mkata, Handeni na Korogwe wawaulize wazee majina ya vituo vya misafara na vijiji vilivyohama, wayaandike katika lugha zao, Kizigua, Kibondei na Kishambaa. Gari hupita upesi, na msafiri hasomi majina hayo popote. Wazee wakifa, yatakufa pamoja nao.