Tanakali za sauti

Tanakali za sauti ni maneno yanayoiga mlio wa kitu, mnyama au tendo. Kenya hilo ndilo jina lililozoeleka. Sarufi za Tanzania huyaita viigizi na kuyaweka miongoni mwa vielezi. Istilahi onomatopea imetoka kwa Wagiriki: onoma ni jina, poiein ni kutengeneza.

Uigaji wenyewe hupita kwanza kwenye silabi za lugha ya msikilizaji. Jogoo ni yuleyule, lakini Mswahili humsikia akiwika kokoriko, Mfaransa cocorico, Mjerumani kikeriki. Ferdinand de Saussure, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, aliyaona maneno haya kuwa machache mno kuweza kutikisa hoja yake kwamba neno na maana havina uhusiano wa asili. Pengine angeyapa uzito zaidi lau angesikiliza lugha za Kibantu.

Katika Kiswahili, kuanguka peke yake kuna tanakali chungu nzima: majini chubwi, mchangani tifu, matopeni tapwi, na mzigo mzito pu! Kisha yapo yasiyoiga sauti yoyote. Weusi hauna mlio, ila kitu huwa cheusi tititi. Kingine cheupe pepepe, kingine chekundu pyu. Mtu hujifunika gubigubi akalala fofofo, nje kukiwa na giza totoro. Kila neno lina mwenzake wa kudumu, na anayesema “nyekundu tititi” atachekwa. Ndiyo maana Clement Doke, mtaalamu wa lugha za Kibantu aliyefanya kazi Afrika Kusini, mwaka 1935 aliyatambua kama aina ya neno inayojitegemea, ideofoni, inayoeleza sauti, rangi, harufu, namna na hali. Kwa kipimo hicho, jina “tanakali za sauti” ni finyu.

Kisarufi maneno haya ni makaidi. Hayachukui viambishi vya ngeli wala vya wakati, na hayapendi ukanushi: “alianguka pu” husemwa kila siku, “hakuanguka pu” hukwaza sikio.

Machache yamevuka na kuwa nomino kamili. Kwikwi ni mojawapo, na pikipiki, iliyopewa jina kwa mlio wa injini yake, sasa imo katika ngeli ya I-ZI: pikipiki imeharibika, pikipiki zimeharibika.