Ukuta wa Elliott Smith
Mwaka 1997 kampuni ndogo ya Kill Rock Stars, huko Marekani, ilitoa Either/Or, albamu ya Elliott Smith: gitaa kavu, sauti ya kunong'ona, huzuni isiyoomba kuhurumiwa. Nyimbo zake kadhaa ziliingia katika filamu Good Will Hunting. Wimbo mwingine wa filamu hiyo ukampandisha jukwaa la Oscar mwaka 1998. Tuzo ilikwenda kwa wimbo wa Titanic. Wapimao muziki kwa vikombe huishia hapo, nao hukosea. Smith alipofariki mwaka 2003, wasikilizaji waliujaza maandishi ukuta wa Los Angeles alikopigia picha ya jalada la Figure 8. Hakuna wizara iliyouagiza mnara huo. Miaka mingi baadaye walikuwa bado wakiuandika.