Usukani kwenye Upepo wa Nyanza

Tarehe 8 Machi 1875 mashua ya mbao za mwerezi iliondoka Kageye, katika wilaya ya Magu ya leo, kuanza safari ya kulizunguka Ziwa Victoria. Henry Morton Stanley ndiye aliyeandika kitabu, na jina lake ndilo lililobaki midomoni mwa watu. Aliyekamata usukani alikuwa Wadi Safeni, mmoja wa Waungwana walioandikwa kazi Unguja. Mashua yenyewe, Lady Alice, ilikuwa na urefu wa futi 40 na upana wa futi 6. Iliundwa Uingereza, ikafunguliwa vipande vipande, ikabebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo, kisha ikaungwa upya ziwani. Wenyeji hawakuwa na hamu ya kuipanda. Aliyekubali kuwaonyesha njia ni mmoja tu, Saramba, naye alipanda moyo ukimdunda.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Ziwa hili lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 hivi tu. Upepo mkali ukipiga juu ya maji mapana yasiyo na kina kirefu, mawimbi hupanda haraka, yakawa mafupi, yamesimama, na yanafuatana karibu karibu. Chombo hakijamaliza kushuka wimbi moja, omo imeshapigwa na la pili. Mabaharia wa pwani waliozoea mawimbi marefu ya bahari hukuta hapa jambo jingine kabisa.

Tena kuna suala la saa. Mchana jua hupasha nchi kavu joto, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake, na pepo za pande zote hushuka kuelekea katikati ya ziwa. Zikikutana huko, hewa yenye unyevu hupanda juu na kuzaa mawingu ya radi. Kwa sababu hiyo dhoruba kubwa za ziwani hutokea zaidi kati ya usiku wa manane na asubuhi, wakati Mwanza mjini watu wamelala na anga juu yao pengine ni safi.

Ukifuatilia historia ya vyombo vya Nyanza, jambo moja hurudi kila kizazi. Hatari huanza mapema kuliko dhoruba. Huanza kwenye mbao, kwenye mzigo, kwenye saa iliyochaguliwa ya kuondoka. Nahodha anapopambana na upepo huwa anapambana pia na maamuzi yaliyokwisha kufanywa ufukweni.

Waundaji wa mitumbwi ya visiwa vya Sese na Buganda walilijua hilo zamani. Mtumbwi wao ulijengwa juu ya gogo refu lililochongwa likawa mkuku, kisha mbao zikashonwa kwa nyuzi za miti, bila msumari hata mmoja. Stanley aliandika kwamba mkubwa kuliko yote aliyoiona ulikuwa na urefu wa futi 72 na ulikaliwa na wapiga kafi 64, mbali na mshika usukani. Haukuwa na tanga. Mtu wa leo anaweza kuona huo ni upungufu, ila tazama faida yake: hakuna mlingoti wa kushika upepo, watu wamekaa chini, na nguvu ya kusukuma imegawanyika pande zote mbili. Upepo wa ubavuni ukiuma, wapiga kafi wa upande mmoja huongeza nguvu, chombo kinarudi kwenye njia yake. Udhaifu ulikuwa kwenye mishono. Mawimbi yakiupindapinda mtumbwi mrefu, nyuzi hulegea na maji huingia, kwa hiyo safari nyingi zilifuata mwambao na visiwa, na kuchota maji ilikuwa kazi isiyokoma.

Safeni na wenzake walijifunza kwa shida chombo kinakuwaje kikikosa nguvu ya kukisukuma. Mwishoni mwa Aprili 1875, kwenye kisiwa cha Bumbire, walinyang'anywa makasia katika ugomvi na wenyeji. Wakakimbilia majini wakang'oa mbao za sakafu ya mashua, wakazitumia kama kafi. Kisha dhoruba ikawakuta. Usukani hufanya kazi pale tu maji yanapopita kwa kasi kwenye ubao wake. Chombo kilichosimama hakina usukani, hata ukiwa mkononi mwa bingwa. Mashua isiyo na mwendo hugeuka yenyewe ikayapa mawimbi ubavu, na ubavuni ndipo inapojaa maji. Walisukumwa hivyo hivyo hadi wakafika kisiwa kisicho na watu, ambacho Stanley alikiita Kisiwa cha Kimbilio.

Juni mwaka huo huo Stanley alirudi ziwani na mitumbwi 23 aliyopewa na Mtemi Lukonge wa Ukerewe. Mingi ilikuwa imechakaa, na ilipakiwa watu, nafaka na risasi. Usiku wa kwanza mitano ilizama. Watu waliokolewa gizani na Lady Alice, iliyokuwa ikizunguka kufuata sauti zao.

Wamisionari wa Kianglikana waliokuja baada ya Stanley walileta mashua yao, Daisy. Mwaka 1878 Alexander Mackay, fundi Mskoti, aliikuta Kageye imeharibika, akaitengeneza, akaondoka na mwenzake kwenda Buganda. Dhoruba ikawatupa ufukweni. Mackay alifanya jambo linalostahili kukumbukwa na kila fundi wa mashua wa Kirumba, Mwanza: aliikata Daisy sehemu ya katikati, akatumia mbao zake kuziba mbele na nyuma, kisha akaunganisha vipande viwili vilivyobaki. Mashua fupi kuliko ya mwanzo ikamaliza safari, na Novemba akafika kwa Kabaka Mutesa.

Tanga la pembetatu lilikuja na watu wa pwani. Mfanyabiashara Songoro, aliyeishi Kageye na Ukerewe, alikuwa akiunda jahazi ziwani wakati Stanley anapita. Aliuawa Ukerewe Desemba 1877 pamoja na wamisionari Shergold Smith na Thomas O'Neill. Baada yake majahazi yaliongezeka, na katika enzi ya ukoloni mitumbwi ya Sese nayo ikaanza kusimamishwa mlingoti, hasa upande wa Wajaluo na kisha mwambao mzima. Tanga hili ni zuri upepo ukitulia upande mmoja. Kasoro yake ni katika kugeuza: foromali yote lazima ihamishwe kutoka upande mmoja wa mlingoti kwenda mwingine, na upepo ukiwa mkali manahodha hupendelea kugeuza kwa kuupa upepo tezi badala ya omo. Hilo linahitaji nafasi. Kwenye Ghuba ya Mwanza, mawe yamejitokeza majini kila upande, na nafasi ndiyo inayokosekana. Hapo nahodha hujua thamani ya farumi. Mawe au mifuko ya mchanga iliyolala juu ya mkuku huzuia chombo kulala upande, na ikihama, balaa.

Meli za chuma zilibadilisha kipimo cha mambo. Meli ya William Mackinnon ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, hata kabla reli haijafika ziwani Desemba 1901, na zikafuata Winifred, Sybil na Clement Hill. Mwanza yenyewe ilipata reli ya kutoka Tabora mwaka 1928. Boila, injini na kuni zilikaa chini kabisa ya meli, zikawa farumi bila mtu kuzipanga. Meli hizo hazikuomba ruhusa ya upepo kuondoka, na abiria wakaanza kuliona ziwa kama barabara. Mwaka 1961 ikaja MV Victoria, ambayo vizazi vitatu vya watu wa Bukoba na Mwanza wameilalia usiku kucha, na ambayo baada ya ukarabati mkubwa ilirudi kazini mwaka 2020.

Kuzoea huko kulikuwa na gharama. Meli ndefu yenye ghorofa ina ukuta mpana wa kupokea upepo, na nguvu ya upepo haiongezeki kwa kadiri ya kasi yake tu. Kasi ikiwa mara mbili, msukumo huwa mara nne. Karibu na gati nahodha lazima apunguze mwendo, na kila anapopunguza, usukani unapoteza nguvu ilhali upepo haujapunguza chochote. Ni dakika hizo za mwisho, abiria wameshasimama na mizigo mikononi, zinazohitaji chombo kilichopakiwa vizuri.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Ilikuwa imesajiliwa kubeba abiria 430 na ilikuwa imejaa kupita kiasi. Waliokufa wanahesabiwa kuwa mamia, na idadi inayotajwa zaidi ni karibu 900. Wengi walizikwa Igoma, jijini Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache kutoka gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Walikufa watu 228. Rais John Magufuli alilihutubia taifa akasema ameelezwa kwamba nahodha hakuwemo chomboni na usukani uliachwa kwa mtu asiyekuwa na mafunzo. Maneno hayo yaliwachoma watu, na ni haki. Hata hivyo haitoshi kusimama hapo. Kivuko kilichobeba zaidi ya mara mbili ya uwezo wake kimeshapoteza akiba ya kujirudisha kikiinama, na hakuna mafunzo yanayoirudisha akiba hiyo maji yakiwa yameshaingia.

Misiba hiyo miwili ilitangazwa dunia nzima. Ya wavuvi hutangazwa mara chache, nayo ndiyo inayoendelea mwaka hadi mwaka. Biashara ya sangara ilipopamba moto miaka ya 1980, mashine za kufunga nyuma ya mtumbwi zilienea mialoni, na wavuvi wakaanza kwenda mbali zaidi kuliko kafi na tanga zilivyowaruhusu. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, taa zikivuta dagaa juu, yaani saa zile zile ambazo pepo za nchi kavu hukutana katikati ya ziwa.

Mtazame mvuvi mzoefu upepo unapomkuta huko. Hakimbilii kuongeza mafuta. Kwanza nyavu na dagaa hushushwa chini kabisa, katikati, na wenzake huketi sakafuni. Hukamata mkono wa mashine na kuielekeza omo mshazari kidogo na wimbi, si uso kwa uso na wala si ubavu. Huongeza mwendo kidogo mtumbwi unapopanda, akaupunguza unaposhuka, asiache mashine ikanyamaza. Anayerudi na upepo mgongoni ana mtihani mgumu zaidi: wimbi humsukuma tezi, omo ikazama, na mtumbwi hutaka kuzunguka. Hapo mwenye pupa ya kufika mwaloni ndiye anayepinduka.

Ujuzi huo umepata msaidizi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina rada Mwanza, na kuanzia 2017 mradi wa HIGHWAY uliosimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulizisaidia nchi za ziwa kutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa ajili ya wavuvi. Utabiri una maana ukifika kisiwani kabla ya magharibi, kwa lugha ya mwaloni, kwa redio na simu. Ukifika alfajiri, mitumbwi imeshatoka.

Na tangu tarehe 19 Juni 2025, wasafiri wa Sengerema na Geita hawahitaji tena kuusubiri upepo utulie kwenye kivuko cha Kigongo. Rais Samia Suluhu Hassan alifungua daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, na safari iliyokula saa nzima na zaidi kwa foleni na kivuko sasa ni ya dakika chache. Upepo wa ghuba umehamia kwenye usukani mwingine. Lori tupu lenye bodi refu, basi la ghorofa, au gari la watalii lililobeba hema na madumu juu ya paa, yote hupokea upepo ubavuni, na dawa yake inafanana na ya jahazi: mzigo mzito chini, paa liwe jepesi, magurudumu yawe na upepo sawa, mwendo upungue kabla gari halijasukumwa.

Visiwa bado vinategemea maji. Baada ya msiba wa 2018, Ukara ilipata kivuko kikubwa zaidi, MV Ukara II, kilichoundwa Mwanza. Hiyo ni hatua njema. Lakini mitumbwi ya mbao inayobeba watu, ndizi na saruji kwenda Kome, Maisome na kwingineko bado hujazwa kwa jicho la mwenye mali. Uingereza ilizilazimisha meli zake za biashara kuwa na alama ya mwisho wa mzigo kwa sheria ya mwaka 1876, mwaka mmoja tu baada ya Safeni kuondoka Kageye. Mstari wa rangi nyeupe kwenye ubavu wa mtumbwi hauhitaji wahandisi kutoka nje wala mkopo wa benki. Fundi wa Kirumba anaweza kuupaka siku anayomkabidhi mteja chombo, na mkaguzi akausoma akiwa amesimama ufukweni, kabla kamba haijafunguliwa.