Sarafu ya pembe sita: kosa la mashini ao mukono wa mutu?

Mimi nilisomea kilimo, siyo mambo ya sarafu. Lakini juzi baba mukubwa alinipigia simu: ndani ya kopo ya bibi alikuta sarafu moja ya franga 2 ya Congo Belge, ya 1943, yenye tembo. "Iko na pembe sita, mashini ilikosea! Tuiuzishe, tulipe minerivali ya mudogo wako." Alishaanza kuhesabu dola.

Nikaenda, tukaiangalia mangaribi kwenye mwangaza wa mulango.

Kwanza zile pembe. Kama mutu angezikata, ukingo ulioinuka ungekatika pia. Hapa ukingo unafuata pande zote sita. Njo vile ilitoka kiwandani. Tangu 1940 Ubelgiji ilikuwa chini ya Wajerumani, kwa hiyo sarafu hizi zilipigwa Philadelphia, kule Marekani. Ni wakati uleule ambao, mu 1942, kazi ya lazima mashambani ilipandishwa toka siku 60 mpaka 120 kwa mwaka, juu ya vita. Hiyo tuliisomaka; sarafu ya wakati ule hatukuionaka.

Tembo hana sikio. "Basi kosa njo hili!" Hapana, baba. Palipopungua ni pale panapoinuka kuliko pengine, na panateleza: ni vidole na mifuko ya watu. Mashini ikikandamiza kidogo tu, panabaki mikwaruzo ya kile kipande cha shaba mbele ya kupigwa.

Ilibaki pengo ndogo kando. Hapo nilikawia, juu kosa la kweli linafananaka vile. Vipande vinakatwa toka bati refu. Bati lisiposogea vizuri, kipande kinatoka kimeliwa upande. Lakini kinapigwa chapa kisha, na shaba inatembea kuelekea pengo: ukingo wa karibu unafifia polepole, na mara nyingi wa upande wa pili unakuwa zaifu. Hapa ukingo umekatika wima kama kwa kisu, na upande wa pili ni muzima.

Bibi alikuwa anatuangalia tu. Akacheka: akiwa mutoto alilikata yeye mwenyewe na tupa ya baba yake, asichanganye franga yake na za kaka zake.

Baba mukubwa akairudisha ndani ya kopo bila kusema kitu. Minerivali tutailipa na mahindi yangu, ila yanakomaa mwezi wa pili, na shule inataka mbele ya Noeli.