Michezo ya Majirani katika Nchi ya Machakos

Watu wengi hudhani kwamba siku ya michezo ililetwa Ukambani na Wazungu, pamoja na filimbi na chokaa ya kuchorea njia za mbio. Neno hili lina ukweli nusu tu. Kabla ya chokaa hiyo, vijana wa Kikamba walikutana uwanjani kucheza ngoma za kuruka na kupinduka hewani, na wavulana walizoea upinde tangu utotoni, kwa maana Wakamba walisifika mno kwa uwindaji wa mishale. Kazi kubwa nazo zilifanywa kwa mwethya: majirani waliitwa, wakalima au wakajenga pamoja, na mwenye shughuli akawapa chakula. Mwethya huo ndio serikali ya kikoloni iliyoutumia, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kuchimbisha matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo.

Serikali hiyo ilipenda pia mashindano. Mwaka 1951 chama cha riadha cha Kenya kiliundwa. Mwaka 1954 Nyandika Maiyoro, mtu wa Kisii, alikuwa wa 4 katika mbio za maili 3 huko Vancouver, na mwaka 1956 Kenya iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Melbourne. Ni sifa kubwa, wala sikatai. Lakini mtindo huo humchagua kijana mmoja mwenye mbio, na jirani zake mia huwa watazamaji. Hata fainali ya CECAFA ilipochezwa Machakos mwaka 2017, Kenya ikaishinda Zanzibar kwa penalti, waliotoka jasho walikuwa wachache.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Tulipotayarisha michezo ya mtaa mmoja karibu na mji, wazee tuliwawekea viti kivulini, tukidhani ndiyo heshima. Adhuhuri mzee mmoja akaniita.

"Mwalimu, mwanangu, mmetuketisha kama wageni wa arusi. Je, sisi si wa utui huu?"

Nilitahayari. Nikamwuliza angependa mchezo gani, naye akamtuma mjukuu wake nyumbani kuleta upinde. Shina la mgomba likasimamishwa hatua 30 mbali. Mshale wa kwanza (usio na sumu, msomaji usiogope) ulipita kando. Wa pili ukazama katikati. Hapo wazee wengine wakaacha viti vyao, na akina mama nao wakadai kamba ya kuvutana, utui wa juu kwa utui wa chini. Mbio zetu za mita 100 zilingoja hadi saa kumi.