Seli Isiyokubali Kuzeeka

Hapa kwetu Gulwe mzee akifa kwa uzee tunasema siku zake zimekwisha. Mtu akifa kwa saratani, wengine watasema karogwa. Mimi niliyeishia kidato cha nne nasema uzee na saratani vina historia moja, na sehemu yake ilianzia jirani tu, Uganda.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Dakta Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya. Ilikuwa saratani. Mwaka 1961 akazunguka kwa gari takriban maili 10,000, Tanganyika ikiwamo, akiuliza habari zake hospitali kwa hospitali. Desemba 1963 kipande cha uvimbe wa namna hiyo kilisafirishwa kutoka Kampala kwenda London kwa Anthony Epstein. Ukungu ukaizuia ndege, ikatua Manchester, mzigo ukachelewa. Lakini wapi! Seli zilikuwa hai, zikazidi kugawanyika ndani ya chupa.

Sasa basi, kwa nini hazikuchoka? Mwaka 1961 Leonard Hayflick alikwisha kuonyesha kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha husimama. Chukua kamba ya katani ya kufungia ng'ombe: kadiri inavyotumika ndivyo ncha inavyofumuka. Kromosomu zetu nazo zina ncha, ziitwazo telomea, na kila seli inapogawanyika ncha hizo hupungua. Hiyo ni sababu mojawapo ya uzee. Mwaka 1984, huko Marekani, Carol Greider na Elizabeth Blackburn waligundua fundi anayezisokota upya, kimeng'enya kiitwacho telomerasi. Mwaka 2009 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Jack Szostak.

Katika seli zetu nyingi fundi huyu amelala. Katika saratani, karibu tisa kwa kila kumi, ameamka na anasokota bila kupumzika. Kumbe uzee wa seli ni mlinzi pia! Inayotuua ni ile inayokataa kuzeeka.

Shangazi yangu alifariki kwa saratani ya titi. Baada ya mazishi, bibi kizee mmoja jirani akanyooshewa kidole, eti macho yake mekundu, mpaka akahama. Adui alikuwa ndani ya titi, seli iliyogoma kuzeeka. Tukamfukuza bibi ambaye kosa lake lilikuwa kuzeeka.