Jicho la Angani na Nchi Isogeayo

Msomaji, Butere yetu haimo ndani ya Bonde la Ufa, lakini Ghuba ya Winam, iliyo kusini yetu, ni tawi la bonde hilo. Kwa hiyo habari za nchi kupasuka si ngano za watu wa mbali, yatupasa tuzijue.

Tarehe 6 Januari, 1928, tetemeko kubwa liliitikisa Subukia. Nguvu yake yakadiriwa kuwa 6.9, na nchi ilipasuka kwa urefu wa kilometa zipatazo 38. Aliyetaka kujua jinsi ilivyosogea ilimpasa aufuate ufa kwa miguu na kuupima kwa mkono. Yaliyotendeka chini yalibaki fumbo.

Siku hizi kuna njia nyingine. Satelaiti huizunguka dunia kwa kimo cha kilometa kama 800, ikituma mawimbi ya rada na kuyapokea yarudipo. Baada ya siku kadhaa hupita tena pale pale na kufanya vivyo hivyo. Ikiwa nchi imesogea, mawimbi ya mara ya pili hayalingani na yale ya kwanza; na tofauti hiyo, hata ikiwa ya sentimeta chache, hupimika. Giza wala mawingu hayaizuii. Ramani ya kwanza ya tetemeko iliyochorwa hivyo ilitangazwa mwaka wa 1993, nayo ilihusu tetemeko la Landers, Marekani, la mwaka wa 1992.

Zamu yetu ilifika Julai 2007, matetemeko yalipofuatana chini ya mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron, Tanzania. Lile la tarehe 17, lenye nguvu ya 5.9, liliwatoa watu majumbani hata Nairobi. Wataalamu walipolinganisha picha za satelaiti ya Envisat, waliona kwamba nchi ilikuwa imesogea kupita kadiri ya vishindo vyenyewe. Mwamba ulioyeyuka ulikuwa umejipenyeza chini, kama kabari ndani ya gogo, ukiisukuma nchi pande mbili. Mwezi wa Septemba mlima wa jirani, Ol Doinyo Lengai, ulilipuka kwa nguvu.

Fundisho ni hili. Zamani tuliiandika historia ya nchi kwa vishindo vyake. Iliponyamaza, tulidhani imelala. Kumbe husogea kimya kimya. Kati ya miaka ya 2004 na 2006 mlima Longonot uliinuka sentimeta kama 9 pasipo kulipuka, na rada ikauona. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini usidhani kwamba jicho hili hupiga ramli. Haliwezi kutaja siku ya tetemeko. Laweza tu kuonyesha mahali nchi inaposogea, ili wajengao nyumba, shule na madaraja wajenge kwa hadhari. Watu wa 1928 hawakuwa na jicho hilo. Ninyi mnalo, basi jifunzeni kulisoma.